Posa ya Maktaba ya Mnazi Pacha

Napenda kuutangazia umma wa Mtaa wa Mnazi Pacha, jijini Tanga, pamoja na umma wa mitaa ya jirani unaosikia kwa bahati tu, kwamba zoezi la kukusanya maoni ya wananchi kuhusu uendelezaji upya wa maktaba ya mtaa limekamilika kwa mafanikio ya asilimia mia moja na nne. Hizo nne za juu ni watu walioingia kujikinga mvua. Tuliwahesabu nao, kwa sababu ofisi yetu haibagui.

Mimi ndiye Luqmani Idarusi, Mratibu Mwandamizi wa Kitengo cha Maoni Yanayofaa. Najua mtaani siku hizi naitwa Mshenga. Vijana wa baiskeli wakinipita wanapiga kengele na kuniuliza habari za wakwe. Sikasiriki. Ila habari ikisimuliwa na watu wasio na muhuri hupinda, kwa hiyo naieleza mwenyewe, kwa utaratibu.

Kwanza mradi. Maktaba yetu ni chumba kimoja kirefu, madirisha sita, meza nne, na paa linalovuja sehemu tano. Hali hiyo kitaalamu inaitwa fursa. Mkuu wangu wa Idara, Bwana Nehemia, aliitazama mara moja tu kupitia kioo cha gari, akaona papo hapo kinachokosekana pale: ukumbi wa harusi. Mchoro ukachorwa. Kituo Jumuishi cha Maarifa na Hafla, ukumbi wa watu mia tano, jukwaa la maharusi, jiko, maegesho, na kwa upande wa maarifa, kabati moja la vitabu lenye kufuli, jirani na choo cha wanaume. Mimi nilishauri kabati liwe na kioo ili vitabu vionekane. Ushauri wangu ulipokelewa.

Sasa, Mwongozo wetu unasema kabla ya kujenga ni lazima wananchi waulizwe, na waulizwe ndani ya eneo la mradi. Kuuliza hakuna taabu. Taabu ni kujibiwa. Nikapanga mkutano uani, Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambao watu wengi wenye maneno wako makazini. Turubai likafungwa, viti vikapangwa. Masika nayo ikaja na yake, ikalichana turubai vipande viwili, ikabidi tuingie ndani. Na humo ndani yumo Bi Mwanamwema.

Bi Mwanamwema ni mkutubi wa maktaba ile kwa miaka thelathini na moja. Mwanamke mfupi, miwani yake ina kamba, na nusu ya Mnazi Pacha amewahi kuifinya sikio utotoni, mimi nikiwemo. Sheria yake ni moja: humo hakusemwi. Asiseme mtoto, asiseme mkubwa, hata paka wa pale hulilia nje. Nilipopanda juu ya kiti nikafungua kinywa kusema "Ndugu wananchi", akanitazama juu ya miwani.

"Luqmani," akaninong'oneza, "hapa ni maktaba."

"Shikamoo Bi Mwanamwema. Huu ni mkutano wa hadhara."

"Marahaba. Hadhara iko nje."

"Nje kuna mvua, Bi."

"Basi nong'ona."

Nikanong'ona. Niliuwasilisha mradi mzima kwa mnong'ono, kurasa kumi na saba, dakika arobaini, mvua ikitwanga bati juu. Waliokaa mbele walinasa neno "ukumbi". Waliokaa nyuma walidhani nasoma dua, na wazee wawili waliitikia amina. Mwisho nikauliza kama yupo mwenye pingamizi. Kimya! Mwanamke mmoja wa meza ya dirishani akanyoosha mkono na kufungua mdomo. Bi Mwanamwema akaweka kidole midomoni. Yule mwanamke akafumba mdomo, mkono ukabaki juu. Mwongozo wetu unazungumzia "watakaosema", hauna kifungu cha mikono. Sikuuandika.

Huyo mwanamke anaitwa Kijakazi binti Tahiri, na lazima nimweleze, maana ndiye chanzo cha yote. Ana miaka thelathini na minane. Alfajiri anakaanga bajia njia panda ya Nguvumali. Saa tatu bajia zikiisha anapanda baiskeli yake, mikono ingali inanuka dengu, anakuja maktaba na kukaa meza ile ile ya dirishani kufanya hesabu mpaka adhuhuri. Novemba anarudia mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea, apate kuingia chuo cha ualimu wa chekechea. Hesabu zimeshamwangusha mara mbili. Nyumbani kwake ni chumba kimoja, watoto watatu, na nyuma ya ukuta yuko fundi redio anayezijaribu zote kwa pamoja. Meza ile ikiondoka, na mtihani umeondoka. Yote haya nilikuwa nayajua. Kwenye fomu yangu hayakuwa na nafasi.

Jioni nikakaa kuandika muhtasari. Mtihani wangu mimi ukawa huo: muhtasari wa maoni unataka maoni, na mimi nilikuwa na kimya kitupu, watu sitini na mbili wamenyamaza kwa dakika arobaini. Nikatafuna kalamu. Ndipo nikakumbuka siku shehe alipoingia chumbani kumuuliza mke wangu kama ameridhia kuozeshwa kwangu. Mke wangu hakusema kitu. Aliinamisha kichwa, wanawake wakapiga vigelegele, ndoa ikafungwa. Mpaka leo nikimuuliza kama kweli aliridhia, ananyamaza.

Nikaandika hivi: "Wananchi waliulizwa, wakanyamaza. Kwa mujibu wa sheria na desturi za ukanda huu wa Pwani, mwari anayeulizwa na kunyamaza, amekubali. Hivyo basi, maktaba imekubali." Nikagonga muhuri. Wallahi niliusoma mara tatu kwa utamu.

Bwana Nehemia ni mtu wa bara, alikuwa na miezi minane tu Tanga. Alipousoma akasimama.

"Luqmani! Kumbe huku watu wanakubali kwa kunyamaza?"

"Ndiyo, Mkuu. Ni jambo la heshima."

"Mbona hamkuniambia tangu nilipofika? Tumepoteza muda bure kuwasikiliza!"

Hapo hapo akaagiza mambo matatu kwa mpigo. Nakala ya muhtasari ipelekwe makao makuu. Mgeni rasmi aalikwe Jumamosi kuweka jiwe la msingi, na barua ya mwaliko itaje wazi kwamba maktaba imeridhia kwa taratibu za ndoa za Pwani. Na bango litundikwe kwenye ukuta wa maktaba, herufi kubwa, kila mtu alione: MAKTABA IMEKUBALI.

Jumatano bango likatundikwa. Alhamisi asubuhi tukapata wageni. Nilikuwa ofisini kwa Mkuu, kwenye ile meza yake ndefu ya mninga yenye viti kumi na viwili vinavyozunguka, kiyoyozi kikipuliza mpaka mtu unatamani koti. Mlango ukafunguliwa, akaingia Shehe Shaib, imamu wetu, nyuma yake Bi Mwanamwema, na nyuma ya Bi Mwanamwema yuko Kijakazi amebeba sinia lililofunikwa kawa. Nikajua bajia. Nikasogeza mafaili.

"Shikamoo Shehe, shikamoo Bi Mwanamwema. Karibuni."

Wakaitikia marahaba. Kijakazi akaniamkia mimi, akatua sinia mezani, akafunua kawa. Juu ya sinia palikuwa na karatasi moja tu, nakala ya muhtasari wangu.

"Kaka Luqmani, hapa umeandika maktaba ni mwari."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Mwari gani huyo kaolewa mara mbili?"

Bwana Nehemia akainua kichwa. "Nani kaolewa?"

"Maktaba, Mkuu," alisema Kijakazi, sauti yake ya upole kabisa, ya mtu anayeuliza kama akuongeze chachandu kwenye bajia. "Mume wa kwanza alikuwa mradi wa uboreshaji. Alikuja na kibao kikubwa cha chuma, akavunja baraza ili apate nafasi ya kujenga baraza, akaondoka. Kibao kipo, baraza hakuna. Mume wa pili alileta kompyuta. Ilikaa ndani ya boksi bila kufunguliwa, siku moja likaja gari likairudisha kwao."

"Miezi minne na siku kumi," alisema Bi Mwanamwema. "Eda kamili ya kufiwa. Niliihesabu mwenyewe."

"Na mimi nimeolewa mara mbili, nimeachwa mara mbili," Kijakazi akaendelea. "Mara ya kwanza niliulizwa, nikanyamaza, wakaniozesha. Mara ya pili nikanyamaza vile vile, nikajua ndivyo inavyokwenda. Shehe akaniambia, mama, wewe si mwari, sema kwa ulimi wako. Nikaona haya. Akasema usiposema naondoka zangu, na pilau linapoa. Nikasema."

Shehe huyo alikuwa ndiye huyu Shehe Shaib. Nikamgeukia, nikiwa na matumaini kidogo.

"Shehe, hilo ni kweli?"

"Ni kweli tupu. Mwari kunyamaza kwake kunatosha. Aliyekwisha kuolewa lazima atamke mwenyewe, bila hivyo hapana ndoa." Akacheka kidogo ndani ya ndevu. "Na sikilizeni, mimi siozeshi majengo, nisije nikasingiziwa. Lakini wewe, Luqmani, ndiye uliyeileta sheria hii ofisini. Huwezi kuibeba nusu inayokufaa, nusu ya pili ukaiacha mlangoni na viatu."

Toba! Jasho lilinitoka, na kiyoyozi kile kile juu yangu. Bwana Nehemia akanivuta pembeni.

"Ufute huo muhtasari."

"Haufutiki, Mkuu. Una muhuri."

"Basi tuseme ulikosea."

"Nakala iko makao makuu, Mkuu. Ukisema nimekosea, na wewe uliyesaini chini yangu umekosea."

Akafikiri. Mkuu wetu akifikiri hushika tai kama anajipima shingo. Halafu uso ukamnyooka, akawarudia wageni kwa tabasamu la uongozi.

"Sasa tatizo liko wapi? Si atamke tu! Kutamka kunachukua dakika ngapi?"

"Inategemea na mahari, Mkuu," alisema Kijakazi, akafunika sinia lake.

Jumamosi jua likawaka. Uani pa maktaba palijaa pomoni. Habari ilikuwa imefika mpaka Tongoni kwamba Mkuu wa Idara anaoa maktaba, na watu wakaja na watoto, na kanga mpya, na ngoma mbili ambazo hazikuwa kwenye ratiba yangu. Bwana Nehemia alivaa suti. Bi Mwanamwema alisimama upande wa bibi arusi akiwa mzazi, lakini sauti yake kwa miaka thelathini na moja imezoea kunong'ona, kwa hiyo akampa Kijakazi aseme kwa niaba. Kijakazi alishika daftari lake la hesabu. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu wengi namna ile, na kama angeshindwa kusema, kifusi cha ukumbi kingemwagwa Jumatatu juu ya meza yake.

Simu yangu ikalia. Msafara wa mgeni rasmi umeshapita Pongwe.

"Haraka, haraka!" Bwana Nehemia akapiga makofi. "Mahari chochote mtakachotaja tutatoa. Semeni tumalize."

"Chochote?" aliuliza Shehe Shaib.

"Chochote, Shehe!"

"Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia!" Ua mzima ukaitika, na wa juu ya ukuta pia.

Kijakazi akafungua daftari. Mwanzo sauti haikutoka. Akakohoa, akajaribu tena.

"Maktaba inasema inataka bati jipya. Lote. Kiraka haitaki."

"Nimekubali," alisema Bwana Nehemia, akicheka na kuwapungia watu mkono.

"Na mlango usifungwe saa tisa na nusu. Ufungwe baada ya isha, maana kuna watu kazi zao zinaisha magharibi."

"Nimekubali. Endelea, mama, unasema vizuri."

"Na meza ya ofisini kwako."

Mkono wa Mkuu ukaganda hewani. "Meza gani?"

"Ile ndefu ya mninga. Na viti vyake vinavyozunguka, vyote kumi na viwili. Na kile kiyoyozi."

"Kiyoyozi changu?"

"Bibi arusi anasikia joto, Mkuu."

Lo! Vigelegele vilivyopigwa pale, kunguru wote wa Mnazi Pacha waliruka. Ngoma zikajibu. Chezea Kijakazi wewe! Bwana Nehemia alinitafuta kwa macho, mimi nikafungua Mwongozo na kuusoma kwa bidii. Simu ikalia tena: msafara uko Nguvumali.

"Nimekubali! Nimekubali vyote! Tumemaliza?"

"Bado sharti moja tu," alisema Kijakazi. Akafunga daftari. "Hataki mke mwenza."

"Mke mwenza yupi tena?"

"Huyo ukumbi. Hakai naye nyumba moja. Mkitaka kumjenga, mkamjenge kwingine."

King'ora kikasikika kona ya barabara. Bwana Nehemia akainama sikioni kwangu, akaninong'oneza kwa hasira, na mimi nikavumilia mate.

"Na mume je, akinyamaza?"

"Mume hana kunyamaza, Mkuu. Mume lazima aseme."

Mlango wa gari la mgeni rasmi ukafunguliwa, na Bwana Nehemia, suti imelowa mgongoni, akasema nimekubali. Akaisema kwa sauti ndogo, Shehe akamwomba arudie, akarudia. Mgeni rasmi alishuka katikati ya vigelegele akajua ni vyake. Alihutubia nusu saa. Alisema katika nchi nzima hajaona mradi ulioshirikisha wananchi kiasi kile, akaagiza kila kilichoahidiwa mbele ya mashahidi kitekelezwe ndani ya siku saba, na yeye mwenyewe atapiga simu. Halafu akaweka jiwe la msingi. La nini hasa, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Jumatatu meza ikaondoka kwa mkokoteni. Viti vilifuata, vijana wanavisukuma barabarani vikijizungukia vyenyewe, na kiyoyozi kikapakatwa na fundi juu ya baiskeli. Ofisini pakabaki zulia na alama ya miguu ya meza. Mkuu wa Idara hawezi kusaini kwenye goti, Mwongozo umekataza, kwa hiyo mafaili yakaifuata meza, na Mkuu akayafuata mafaili. Shehe Shaib alipopita akamkuta kwenye benchi la maktaba akampa mkono wa pongezi. Alimwambia desturi yetu bwana harusi hukaa fungate ukweni siku saba, kwa hiyo yuko sawasawa.

Siwezi kusema fungate lilimkalia vibaya. Simu yake ililala kwenye droo ya Bi Mwanamwema, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfokea mwenzake humo, mafaili ya miezi mitatu yalikwisha kwa siku tatu. Hati ya bati aliisaini Jumanne, tone la tatu lilipomwangukia utosini.

Jumatano, kiasi cha saa tano, lilikuja faili la haraka sana, lenye utepe mwekundu, la kubatilisha mchoro wa ukumbi. Makao makuu walilitaka kabla ya adhuhuri, maana mgeni rasmi alikuwa ameshapiga simu. Bwana Nehemia akalichukua akaenda kwenye meza yake ya zamani. Mahali pake pa zamani, chini ya kiyoyozi, kwenye kile kiti kikubwa chenye mgongo mrefu, alikuwa amekaa Kijakazi. Vitabu vyake vimetanda mpaka ukingoni.

"Samahani, mama," Mkuu akanong'ona. "Naomba nafasi kidogo nisaini."

Kijakazi hakuinua macho. "Subiri kidogo, Mkuu. Niko katikati ya swali."

Lilikuwa swali la kumi na nne, la logarithi. Mkuu wa Idara akasimama na faili kwapani. Nyuma yake akasimama karani wake, nyuma ya karani dereva mwenye barua, na mimi wa mwisho. Kijakazi akaandika, akafuta, akaandika tena. Akahesabu kwa vidole chini ya meza. Akafuta yote akaanza upya, na hapo Mkuu alihamisha uzito kwenye mguu wa pili. Dakika ishirini na mbili, nimezipima kwa saa yangu mwenyewe. Mwishowe akapiga mstari chini ya jibu, mistari miwili, akashusha pumzi na kusogeza kiti nyuma. Mkuu akainama kusaini.

Mimi nikapita pembeni yao, nikakivuta kitabu chake cha hesabu. Nikafunua kurasa za mwisho penye majibu, nikateremsha kidole mpaka swali la kumi na nne. Moyo ulikuwa unanienda mbio, sijui kwa nini, mimi si mtahiniwa. Kijakazi ananitazama usoni.

Alikuwa amepata.